Ndege wanaohama wanaondokaka Bukavu lini, na wanajuaje kama saa imefika?

Mwalimu mmoja wa biolojia hapa Bukavu ameniandikia hivi: "Shemeji yangu anaishi Liège, kila mwaka mwezi wa nne ananitumia picha, wako kikundi asubuhi mapema wanatembea porini kuangalia ndege waliorudi kutoka Afrika, anasema njo msimu mzuri kuliko yote. Sisi huku baridi na joto la Ulaya hatuna, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Nikitaka kuwatembeza wanafunzi wangu waone hao ndege, nitoke lini, niende wapi? Na watoto wakiniuliza ndege wa hapa anajuaje kama kule baridi imeisha, nijibu nini?"

Aksanti sana Mwalimu, swali la mwisho hilo ni tamu kuliko unavyofikiri na nitalikalia kidogo, lakini acha nianze na jibu fupi juu najua una programu ya kupanga. Toka kati ya mwisho wa mwezi wa pili na katikati ya mwezi wa nne. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Usingoje mwezi wa tano, mwezi wa tano wengi wamekwisha kwenda, na hapo njo inakuwaka kichekesho kidogo, juu Siku ya Kimataifa ya Ndege Wanaohama inaangukaka Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, na nyingine Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Ile ya mwezi wa tano imekaa vizuri kwa shemeji yako. Kwetu ni ya mwezi wa kumi.

Sasa kitu kimoja ukielewe kabla ya kutoka na watoto. Shemeji yako anaona wanaofika, sisi tunaona wanaoondoka, na hiyo inabadilisha kabisa namna ya kutembea. Kule mtu anaamka anajiuliza leo nani mpya. Huku wapya ni wachache, ndege wengi ni wale wale wako hapa tangu mwezi wa kumi, umeshawazoea mpaka hauwaangalii tena, sasa swali linakuwa nani amebadilika, na nani hayuko tena. Mtu akitembea Bukavu mwezi wa tatu na mawazo ya Ulaya, anatafuta ndege wa ajabu, atarudi nyumbani kusema hakuna kitu, na kumbe amepita katikati ya safari yenyewe.

Kwa hiyo chagua njia moja, fupi, ambayo mtoto anaifanya kwa miguu bila kulipa motari, na mpite pale kila wiki siku ile ile saa ile ile. Ni bora njia moja ya kilomita moja na nusu mara nane kuliko kwenda mbali mara moja na karamu ya soda. Kama unaishi upande wa Muhumba au Nyawera uko na bahati, ziwa liko karibu, kuko miti mikubwa ya zamani kwenye parsele zingine, kuko na vipande vya majani. Wa Kadutu na Bagira nao wasijione maskini, juu anga ni la wote na nusu ya hadithi hii iko juu angani.

Anza na mtikisa-mkia wa njano. Motacilla flava. Ni mdogo, mwembamba, anatembea chini haraka haraka hapigi miruko, mkia unapanda unashuka, na akiruka anatoa sauti moja ya "tsiip". Utamkuta kwenye kiwanja cha mpira chenye majani, kando ya mabwawa na mashamba ya tope, na zaidi ya yote penye ng'ombe, ukipanda upande wa Kabare au Walungu utamwona katikati ya miguu ya ng'ombe anakamata nzi wanaoamshwa. Usimchanganye na yule mweusi na mweupe anayetembea juu ya mabati na kwenye barazani za watu mjini, yule ni wa hapa hapa, haendi popote. Kuko na mwingine wa kijivu kijivu kwenye vijito vya milimani, naye ni mwenyeji.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja huyo wa njano hana uzuri wowote, amechakaa, mgongo kama udongo, njano kidogo tu chini ya mkia, wanafunzi watasema Mwalimu ulitudanganya. Mngoje. Kuanzia mwezi wa kwanza manyoya ya kichwa na ya mwili yanaanza kubadilika, na mwezi wa tatu dume lina kifua cha njano cha kukuumiza macho. Na hapo vichwa vinajitokeza, na vichwa njo siri yenyewe: wamoja wana kichwa cha buluu-kijivu na mstari mweupe juu ya jicho, hao ni wa Ulaya ya kati. Wamoja kichwa kijivu cha giza bila mstari, wa Skandinavia na kaskazini ya Urusi. Wamoja kichwa cheusi kabisa, wa Balkani na Uturuki. Wote aina moja, wanakula pamoja, wanalala pamoja kwenye matete, mvua moja, nzi wale wale, jua lile lile.

Lakini hawaondoki pamoja. Mswidi mmoja, Kai Curry-Lindahl, aliwafuatilia ndege hawa miaka ya 1950, na si mbali, ni huku mashariki ya Kongo, na alichokikuta kinafaa kila mwanafunzi wa Kivu akijue: ndani ya kundi moja, wale wa kwao kusini wananenepa mapema, viungo vyao vya uzazi vinaamka mapema, wanaondoka kwanza, na wale wa kwao kaskazini kabisa bado wanakula polepole juu kwao theluji haijaisha. Kichwa cheusi anaenda, kichwa cha giza anabaki mpaka mwezi wa nne. Hakuna kitu chochote katika mazingira ya hapa kinachoweza kueleza tofauti hiyo, juu mazingira ni mamoja. Basi kinachowatofautisha wamekibeba ndani.

Na hapo njo tunafika kwenye swali la watoto wako. Ndege wa Ulaya akiwa Ulaya anasoma urefu wa mchana, mchana ukirefuka mwili unajua. Lakini Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote vinapitana kwa dakika zisizofika 20, na mawingu yetu ya mwezi wa tatu unayajua. Kwa hiyo ndege hasomi kitu kikubwa angani. Mjerumani Eberhard Gwinner, kuanzia miaka ya 1960, aliweka vindege vidogo vya msituni (Phylloscopus trochilus, ambaye naye anakujaka hapa, nitamrudia) ndani ya chumba, taa saa kumi na mbili, giza saa kumi na mbili, kila siku sawa, joto halibadiliki. Hakuna dirisha la kuonyesha msimu. Na bado wale ndege walibadilisha manyoya kwa zamu yake, na wakati wa safari ulipofika walianza kuhangaika usiku, wanaruka ruka ndani ya kijumba wakati wenzao huko nje walikuwa njiani. Saa iko ndani ya mwili. Si kamili, ikiachwa peke yake miaka mingi inateleza, mwaka wake haulingani sawasawa na mwaka wa kalenda, njo maana ndege bado anahitaji mwanga wa kweli wa kumrekebisha, lakini ya kumtoa Bukavu inatosha.

Kwa hiyo mtoto akiuliza "anajuaje kama Ulaya baridi imeisha", jibu la kweli ni: hajui. Hajui kabisa. Mwili wake unamwambia muda umefika, anaondoka, atakuta alichokikuta. Kama mwaka huo baridi ya Ulaya iliisha mapema, majani yalichipua mapema, viwavi vilitoka mapema, yeye atafika wakati karamu inaisha. Waholanzi waliona hiyo kwa ndege mmoja mdogo mweusi na mweupe anayepitishaka baridi Afrika ya magharibi, sehemu ambazo viwavi vinawahi sana idadi yake ilianguka vibaya. Wakati wa hali ya hewa kubadilika hilo si somo dogo kwa darasa la biolojia, ukitaka kutembeza somo lote juu ya ndege mmoja unaweza.

Tupande juu sasa.

Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica) ni wa kuangalia sana mwezi wa pili na wa tatu, lakini hapa watu wengi wanajidanganya juu kuko na mwenyeji anayefanana naye, Hirundo angolensis, anayejenga chini ya barazani na madaraja yetu. Namna ya kuwatenganisha: mgeni ana koo nyekundu ya kahawia, halafu chini yake mkanda mweusi-buluu unaozunguka kifua kizima, halafu tumbo jeupe au la rangi ya maziwa. Mwenyeji ile nyekundu inashuka mpaka kifuani, mkanda umekatika katikati, na tumbo ni la kijivu chafu. Mbayuwayu wa Ulaya anabadilishaka manyoya yote ya mabawa na mkia akiwa Afrika, kazi ya miezi, mwezi wa kumi na mbili utamwona na mabawa yana mapengo, na karibu na mwezi wa tatu zile nyuzi mbili ndefu za mkia zimemalizika. Ukiona kundi lote lina nyuzi ndefu na wamejipanga juu ya waya za umeme asubuhi, hao wako na valizi mlangoni. Ana gramu kama 20, Mwalimu. Kutoka hapa mpaka kwa shemeji yako ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na yeye haendi kwa mstari ulionyooka.

Wale weusi wenye mabawa ya mundu wanaopita kwa kasi juu kabisa, bila doa jeupe mgongoni, ni Apus apus. (Wenye doa jeupe mgongoni wanaolia "trrrr" kuzunguka majengo ya mjini ni wa hapa.) Wa Ulaya hao, watafiti wa chuo cha Lund kule Uswidi waliwafunga vifaa vidogo mgongoni na mwaka 2016 wakatangaza kwamba baadhi yao walikaa angani karibu miezi kumi bila kutua hata mara moja. Wengi wanapitishia baridi juu ya bonde la Kongo. Wanakula angani, na inaonekana wanalala angani. Wanafunzi wako watakataa, waache wakatae, ni vizuri.

Halafu keremkerem wa Ulaya, Merops apiaster, na huyu njo atakupa kelele darasani. Utamsikia kabla ya kumwona, "pruup, pruup" laini kutoka juu sana, unatafuta unatafuta, halafu macho yanakamata kundi la vidoa vinavyozunguka. Wakishuka ni rangi tupu, koo njano, mgongo wa kahawia nyekundu, tumbo la buluu-kijani. Yule mdogo wa kijani mwenye kifua cha kahawia anayekaa wawili wawili kwenye waya ya parsele yako mwaka mzima si yeye, yule ni mwenyeji wa milima yetu. Wasafiri wanapitaka kwa makundi, mwisho wa mwezi wa pili mpaka wa nne, na saa nzuri ni kama saa kumi na moja jioni wakitafuta pa kulala, kaliptusi ndefu za kwenye mlima zinawapendeza sana. Wafuga nyuki hawawapendi, na siwezi kuwalaumu, lakini wanapita siku mbili wanaenda.

Mvua. Watu wengi mvua ikitishia wanaahirisha matembezi, na mimi ningesema kinyume: mvua kubwa ya mchana ikikatika saa tisa, toka mara moja. Ndege waliokuwa wanapita juu wanashuka, na kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, halafu kila kitu chenye mabawa kinakuja kula, mbayuwayu, keremkerem, mwewe, na ukiwa na bahati kipanga mdogo mwembamba mwenye mabawa marefu ya ncha kali, Falco subbuteo, anakamata kumbikumbi kwa mguu na anamla akiwa bado anaruka. Kaa pembeni ya kichuguu nusu saa. Watoto nao watataka kula kumbikumbi, usiwakataze, mnagawana.

Mwewe nao ni wa kuangaliwa vizuri. Mwewe wetu wa mjini, yule wa kuiba nyama sokoni, ana mdomo wa njano. Mwezi wa kumi na mbili wanachanganyika na wageni wa kutoka Ulaya na Asia ambao mdomo wao ni mweusi na kichwa ni cha kijivu, na mwezi wa tatu hao wenye mdomo mweusi wanapotea. Utahitaji darubini kwa hiyo. Ndege wakubwa wengine wanaopaa kwa hewa ya moto, kama korongo weupe na jamii ya tai, usiwatafute saa kumi na mbili asubuhi, wanangoja ardhi ipashwe, saa nne mpaka saa nane njo wanazunguka juu ya milima, na njia yao inafuata nchi kavu juu hewa ya moto haipandi juu ya maji makubwa, njo sababu kule mbele wanabanana wote kupita Misri na Eilat, kwenye kona ya Bahari ya Shamu, badala ya kukata Mediterania. Hapa mjini utaona mmoja mmoja. Bonde la Ruzizi upande wa Kamanyola na Sange ni bora zaidi kwa korongo, lakini hiyo ni safari ya watu wakubwa na barabara ya Ngomo unaijua.

Korongo mweupe umpe nafasi darasani hata kama hamkumwona, kwa ajili ya historia moja. Wazungu kwa karne nyingi hawakujua ndege wao wanaendaka wapi, wengine waliandika kwamba mbayuwayu wanalala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kule Ujerumani, walimuua korongo mmoja akiwa na mkuki umempita shingoni, mkuki mrefu wa mti, na mkuki huo ulikuwa wa kutoka Afrika ya kati. Alipigwa huku, akaruka nao mpaka kule. Bado wamemhifadhi kwenye chuo kikuu cha Rostock. Mimi napenda kuwaambia vijana kwamba Ulaya ilisoma jiografia ya ndege wake kwa mkuki wa Mwafrika, halafu nyamaza, wacha wafikirie.

Kando ya maji sitachukua muda mrefu. Kila sehemu ya ziwa yenye mawe au tope, kuanzia mwezi wa nane mpaka wa nne, kuko na kandege ka kahawia kenye tumbo jeupe kanakotikisa sehemu ya nyuma bila kupumzika, kako peke yake, kakiruka kanakwenda chini chini juu ya maji na mabawa yamekaza. Actitis hypoleucos. Kanatembea sasa hivi juu ya sashe na chupa za plastiki zilizorundikana pale ziwa linapotokea kuingia Ruzizi, uchafu ule ule unaoziba mashine za baraje na kutukatia umeme, na kanapata wadudu hata hapo. Wengine wenye miguu mirefu, jamii ya Tringa, utawakuta kwenye mabwawa ya kilimo. Kwa mwanafunzi anayeanza usimpe hao wote, watamkatisha tamaa, ni wa kijivu wote.

Na yule wa chumba cha Gwinner. Phylloscopus trochilus ana gramu tisa hivi, kijani-kijivu juu, njano hafifu chini, mstari mdogo juu ya jicho, anahangaika kwenye majani ya mti wa avoka au mpera wako na hata haujui kama yuko. Macho hayatakusaidia sana. Sikio litakusaidia. Mwezi wa kumi na mbili anasema tu "hu-iit", neno moja la kuuliza. Mwezi wa tatu anaanza kuimba, wimbo mzima unaoanzia juu na kushuka taratibu kama maji yanayoteremka ngazi, wimbo wa kutafutia mke Uswidi, anaujaribia kwenye avoka ya Bukavu. Kuko na mwingine ambaye hata sikio halitakusaidia, kekeo wa Ulaya yule anayelia "ku-ku", Cuculus canorus, hapa karibu hanyanyui sauti kabisa. Waingereza tangu mwaka 2011 wanawafunga vifaa vya satelaiti na walikuta wanapitisha baridi kwenye misitu ya bonde la Kongo, na wakirudi wanapinda kwanza Afrika ya magharibi kunenepa ndipo wakate Sahara. Anayelia hapa kwetu maneno matatu yanayoshuka wakati wa mvua ni ndugu yake wa Afrika, watu wa kijijini wakimsikia wanajua wakati wa kupanda mbegu umefika.

Hapa nikukumbushe kitu ambacho shemeji yako haoni: wanaohama si wa Ulaya peke yao. Korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, Ciconia abdimii, ni Mwafrika wa pande zote, anatoka kusini anapita huku mwezi wa pili na wa tatu kwenda kuzaa ukanda wa Sudani na Sahel mvua za kule zikianza. Keremkerem mwenye koo jeupe naye vile vile. Na wakati hao wa Ulaya wamekwisha, mwezi wa tano, kunaingia wengine kutoka kusini wanaokimbia baridi ya kule, hata wa kutoka Madagaska, kuko na korongo mdogo wa mabwawa, Ardeola idae, anazaa Madagaska na visiwa vichache vya karibu na anakujaka upande huu mwezi wa tano mpaka wa kumi, ni wachache sana duniani. Ukimwona piga picha, hata mbaya.

Vitu vya kubeba: kaye, biki, maji. Darubini moja kwa darasa inatosha, ya 8x, usinunue ile ya 20x ya sokoni iliyoandikwa namba kubwa, mkono wa mtoto ukitetemeka kidogo haoni kitu. Chukua watoto kumi, si darasa zima, hao wengine wiki inayofuata. Telefone ikiwa na mega weka eBird, ni ya chuo cha Cornell cha Marekani, hailipiwi, andikeni mlichokiona na hesabu, juu kwa mashariki ya Kongo orodha ni chache kuliko Liège mara nyingi na ile kilomita yenu moja na nusu itaonekana.

Na darubini hiyo, Mwalimu, usiinyanyue popote. Daraja la mpaka, baraje, bandari, kambi ya askari, uwanja wa ndege: ikae ndani ya mfuko. Mtu mwenye silaha hatangoja umweleze habari za mtikisa-mkia. Beba barua ya shule yenye muhuri, mjulishe shefu wa kartie kabla, na wiki ambayo watu wanakuambia mambo si mazuri, bakini ndani ya uwanja wa shule muangalie angani. Tshivanga na msitu wa Kahuzi-Biega ni ndoto nzuri, lakini wasafiri wa Ulaya si wengi ndani ya msitu mnene hata hivyo, wanapenda penye wazi, kwa hiyo kwa somo hili hamkosi kitu.

Watoto wengine watakuja na manati mfukoni, hiyo inajulikana. Usiwafukuze, waombe wawe wahesabu, wana macho kuliko wewe na mimi. Na waambie kuhusu pete: ndege akikutwa amekufa na ana pete ya chuma mguuni, mwandike namba yote na maandishi yote, piga picha ya pete, na uripoti kwenye tovuti ya Euring, ushirika wa vituo vya Ulaya vya kufunga ndege pete. Kazi ya kuwafunga pete za namba ilianzishwa na mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899, mwalimu kama wewe. Mbayuwayu aliyefungwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, alikutwa Natal, Afrika Kusini, mwezi wa kumi na mbili wa 1912, na hapo hadithi ya kulala matopeni ikafungwa. Akiwa mzima pete haitolewi.

Kwenye kaye, kila wiki andikeni pia "hayupo". Watoto wanaandika paka walichokiona, na katika kuondoka tarehe ya mwisho njo data. Mkisha kupata wiki tatu za "hayupo" kwa mtikisa-mkia, mnarudi nyuma kwenye siku ya mwisho mliyomwona na hiyo mnaizungushia. Halafu masomo yakifunguliwa mwezi wa tisa msianzie kiwanjani, anzeni kando ya maji, wale wa majini wanatanguliaka kurudi, na wa njano mtamngoja mpaka mwezi wa kumi.